Laptopu Kuukuu, Namba za Kifahari: Mwongozo wa Muungwana

Umeletewa laptopu ya mtumba kutoka Dubai. Imefika bandari ya Wesha, Pemba, na mkwaruzo mgongoni, kibodi ina herufi za Kiarabu, feni inakoroma. Jamaa yako wa Chake Chake ana mpya, na kila mkikutana barazani hakosi kuitaja. Sasa umesikia kwamba ipo programu ya bure, UnixBench, inayoipima kompyuta na mwishowe kutoa namba moja. Namba moja tu! Binadamu atataka nini zaidi ya hapo? Sogea basi, shekhe wangu, nikufundishe kuipata namba hiyo, kisha kuinenepesha.

1. Usisome maelezo. Faili la maelezo limeandikwa na watu waliokwama palepale utakapokwama wewe, na muungwana hapendi kuharibiwa mshangao. Fungua tu dirisha la amri, andika make, kunja mikono. Mashine itakujibu kwamba haimjui gcc. Maana yake haina kompaila, yaani programu ya kugeuza msimbo ulioandikwa na watu kuwa kitu ambacho prosesa inakielewa. Kwenye Ubuntu dawa yake ni kifurushi kiitwacho build-essential. Kinakula bando, kwa hiyo mwombe shemeji akuwashie hotspoti "dakika mbili tu", na ukae mbali naye mpaka kimalizike.

2. Makosa yakijaa kwenye skrini, soma mstari wa mwisho. Upige picha, uitume kwenye kundi la WhatsApp na neno moja: "Wataalamu?" Kosa lenyewe kwa kawaida liko juu, mstari wa kwanza kabisa, na hayo mengine ni watoto wake. Lakini ukilisoma utalitatua peke yako, na kundi litabaki halina kazi.

Ukibanwa sana, shika haya. Ikilalamika kwamba haiijui sin, maktaba ya hesabu haijaunganishwa: ongeza -lm, na uiweke mwishoni mwa mstari, maana kiunganishi husoma majina kwa mpangilio ulioyaandika. Ikidai Time::HiRes, ni kipande cha Perl kinachokosekana, kisakinishe. Ikiwa umechukua toleo la zamani nalo linadai maktaba za michoro, fungua Makefile, utafute mstari wa GRAPHIC_TESTS, uweke alama ya # mbele yake. Umeona uzuri wake? Mtihani unaokusumbua umeufuta, na hakuna mwalimu aliyekuona.

3. Idanganye saa. Mashine ya mtumba ina ugonjwa wake: kibetri cha duara kwenye ubao mama, kilichoandikwa CR2032, kimekufa. Ukichomoa waya wa umeme na betri kubwa ikaisha, saa inarudi nyuma miaka kadhaa. Nayo make hufanya kazi kwa kulinganisha tarehe za mafaili ili ijue lipi lijengwe upya. Ikikuta faili lililoandikwa "kesho kutwa", inatoa onyo kwamba saa zimepishana na huenda kazi haikukamilika. Kibetri kipya kingeponya maradhi haya, na tovuti zinazokataa kufunguka kwa sababu ya tarehe zingefunguka. Wewe usinunue. Kila asubuhi panga tarehe kwa mkono, kisha umwambie anayepita kwamba unafanya matengenezo.

4. Usijengee kwenye flashi. Najua unaipenda, ina kaswida na picha zote za harusi. Lakini flashi nyingi zimepangwa kwa mfumo wa FAT, ambao hauhifadhi ruhusa za faili za Linux. Utaambiwa huna ruhusa ya kuendesha programu, na chmod utaipiga mpaka uchoke. Hamishia kila kitu kwenye folda yako ya nyumbani. Ukiulizwa kwa nini ulichelewa, sema mtandao.

5. Chagua saa ya kupima. Prosesa ikipata joto hupunguza kasi yenyewe ili isiungue. Basi usipime saa saba mchana ndani ya chumba cha bati. Pima baada ya Alfajiri, feni ya mezani ikiielekea, vumbi umelipuliza jana yake. Funga kivinjari, zima muziki, geuza mpangilio wa umeme kutoka kubana matumizi kwenda nguvu kamili.

Na iwe imechomekwa, kwani laptopu nyingi zikitegemea betri hupunguza mwendo. Hapo ndipo penye mtihani wa kweli. Kabla ya waya wa chini ya bahari kuleta umeme kutoka Tanga mwaka 2010, Pemba iliangazwa na majenereta ya dizeli ya hapahapa Wesha. Siku hizi umeme unavuka bahari, lakini kukatika bado unakatika, na upimaji huchukua karibu nusu saa. Tena prosesa ikiwa na viini zaidi ya kimoja, programu inarudia safari nzima. Umeme ukiondoka dakika ya ishirini na tano na betri ya mtumba ikakata roho, anza upya. Hasira usimwoneshe mtu.

6. Sasa nenepesha. Wajua yule anayeacha makonyo ndani ya karafuu ili pishi lijae? Wewe utafanya hivyohivyo, ila bila harufu. Kwanza, ongeza vigeuzo vya -O3 na -ffast-math, kama havimo tayari, ili kompaila ikate kona kwenye hesabu. Pili, elekeza folda ya muda kwenye /dev/shm: majaribio ya kunakili mafaili yatafanyika ndani ya kumbukumbu badala ya diski, na diski yako ya kizee itaonekana kijana. Tatu, washa mashine na mitigations=off. Hapo umezima kinga zilizoongezwa baada ya udhaifu wa Meltdown na Spectre kutangazwa Januari 2018. Mlango wa nyumba uko wazi, lakini namba imepanda.

Dhamiri ikikuuma, kumbuka uko na wakubwa. Mwaka 2013 simu za Samsung Galaxy S4 zilikutwa zikitambua programu fulani za upimaji na kuipandisha kasi ya michoro hadi megahezi 533, wakati programu nyingine ziliishia 480. Mwaka 2024 shirika la upimaji wa kompyuta la SPEC liliweka doa kwenye matokeo zaidi ya 2,600, kwa kuwa kompaila ya Intel ilikuwa na ujuzi maalumu wa jaribio moja. Wote hao wana suti na mawakili. Wewe una kikoi.

7. Itangaze kwa adabu. UnixBench ilianza mwaka 1983 Chuo Kikuu cha Monash, Australia, na baadaye ikalelewa na jarida la BYTE. Mashine yake ya kulinganishia ni SPARCstation 20-61 ya miaka ya 1990, yenye kumbukumbu ya megabaiti 128, nayo imepewa alama 10. Kwa hiyo ukipata 800, sema: "Yangu ni mara themanini." Mara themanini ya nini, usiseme. Pima mara tatu, chukua iliyo juu, uiite wastani. Vigeuzo ulivyotumia vibaki kati yako na Mola wako.

8. Jiandae kwa swali. Jamaa wa Chake Chake atasikiliza mpaka mwisho, kisha atakwambia: "Haya, fungua faili la hesabu za ushirika wetu tuone." Laptopu itawaza. Feni itakoroma. Mtazungumza habari za bamvua, chai itapoa, ukurasa bado mweupe. Hapo hakuna kigeuzo cha kukuokoa.

Ukweli ni huu: mtu anayejua mbinu zote hizi anajua pia kwa nini laptopu yake ni nzito, na mengi anaweza kuyatibu kwa kibetri kipya, kusafisha feni na kubadilisha diski. Namba isiyosema imepimwaje haiongezi hata shilingi kwenye bei. Kwa hiyo ukienda kununua, nenda na faili lako mwenyewe, lifungue mbele ya muuzaji, na saa uishike wewe.