Fremu, Fremu, Fremu!

Msyuuu! Eti kufufua mji. Kila anayeshika kipaza sauti hapa Singida anatuahidi mji mpya, na mji mpya wenyewe ukiufungua ndani ni fremu za maduka. Haya, fremu za kumuuzia nani?

Tuambiane ukweli, wazee wangu. Stendi ya mabasi ya mikoani iko Misuna. Soko la vitunguu, Misuna. Msafiri wa Mwanza kwenda Dodoma anashuka kule, ananunua kuku wake na mafuta ya alizeti, anapanda, kwaheri. Katikati ya mji anapasikia kwa jina. Sisemi mabasi yarudi kubanana huku, la. Nauliza tu: abiria alipohama, mliweka nani mahali pake?

Nyie vijana mtasema machinga ndio wameua mji. Mh! Si mwishoni mwa 2021 nchi nzima walitolewa barabarani wakapelekwa maeneo ya kupangiwa? Mbona jua likizama hata muuza kahawa anakunja birika lake?

Mji hauna wa kulala, basi. Zamani mitaa ya kati ya miji yetu mfanyabiashara alikuwa na duka mbele, familia nyuma au ghorofani. Taa inawaka barazani, mtoto anatumwa chumvi usiku na anarudi salama. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo ya zaidi ya shilingi 100,000, Msajili wa Majumba akawa baba mwenye nyumba, na Wahindi wengi waliokuwa na majumba hayo wakafunga mizigo. Mwaka 1990 Msajili naye akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Mimi simlilii mwenye nyumba wa enzi zile. Ila vyumba vya kulala vilivyogeuka stoo na ofisi, nani aliwahi kuvirudisha?

Na njia ipo. Sheria ya 2008 inakuruhusu kumiliki sehemu ya jengo kwa hati yako mwenyewe. Mwenye kiwanja mjini anaweza kupandisha ghorofa, chini duka, juu akawauzia walimu na wauguzi nyumba moja moja. Lakini sisi, ah! Tunakimbilia kiwanja cha porini, maji ya kuvuta, umeme wa kuomba, halafu kila asubuhi mshahara unapanda bodaboda kuja mjini. Na Singidani lile pale, ziwa zima la kupunga upepo jioni, wageni wanalipiga picha, sisi tumelipa mgongo!

Kwa hiyo, Mheshimiwa diwani wangu, ukija tena na ramani yako, usituanzie na maduka. Tuonyeshe kwanza watu watalala wapi, watoto watachezea wapi, na taa za barabarani ni ngapi. Zikiwa fremu tupu, kunja ramani urudi nayo Manispaa.