Chui wa Mlandege

Madukani Mlandege linauzwa blanketi zito la manyoya, lenye picha ya chui, la kumfaa mtu anayelala garini kwenye theluji za Ulaya. Nasi wa Unguja, ambako hata kipupwe cha Julai ni nadra kushuka chini ya nyuzijoto 20, tunaligombania! Bi harusi aende bila blanketi? Wakwe watasema nini? Basi ili chui apate kazi, kinanunuliwa pia kiyoyozi, kinawekwa 16. Umeme ukikatika, chui analoa jasho la watu wawili. Masika nayo inamkuta kabatini. Akitoka, ananuka uvundo na mgongo umeota ukungu. Bibi yangu, mwenye godoro la usufi analolianika uani na kanga moja ya kujifunika, ananiuliza: "Hivi nyinyi mnalala, au mnasafiri?"