Shosho Dira Akujibu: Kopo Lako Liko Kwenye Ua wa Mtu

Wenye matatizo ya wake wenza na deni la chama waandikie shangazi wa gazeti jingine. Hapa Mutuini, Dagoretti, Shosho Dira hujibu barua za aina moja tu: za watu wazima wanaozunguka mitaani na simu wakitafuta makopo yaliyofichwa na watu wazima wenzao. Mchezo wenyewe huitwa jiokashi. Mtu anaficha chombo chenye kijitabu, anatangaza kwenye programu ya simu mahali kilipo kwa digrii na dakika, nawe ukikipata unaandika jina lako na kukirudisha palepale. Ni brikicho, ila huyu aliyejificha halii akisahaulika mpaka giza liingie.

Shikamoo shosho. Nilisoma ushauri wa wazungu kwamba ukitaka kutafuta kopo bila kusumbuliwa, vaa reflekta na ubebe ubao wenye karatasi, watu watadhani uko kazini. Nikafanya hivyo kwenye njia ya nyuma ya kwenda Waithaka. Kabla sijafika kwenye ua, mzee mmoja alinijia na hatimiliki mkononi. Akafuata wa pili na yake, ya shamba lilelile. Mama mmoja akapiga kelele kwamba X ya barabara imefika kwake. Nilitoroka. Kopo sikuliona, na nusu ya suruali imebaki kwenye kayaba. Nilikosea wapi?
*Niliyevaa Reflekta, Mutuini*

Marahaba, soroveya. Ushauri huo unafaa kule ulikoandikwa, ambako mwenye reflekta ni fundi wa mfereji na hakuna anayemtazama mara mbili. Dagoretti hii mashamba yamegawanywa kutoka kwa babu mpaka kwa mjukuu yakawa ploti za futi 50 kwa 100, na hakuna asiyemjua mtu ambaye ukuta wake uliwahi kuchorwa X nyekundu ya kubomolewa. Mtu anayetazama chombo, anahesabu hatua na kuandika kitu kwenye ubao ana maana moja tu: ardhi inapimwa. Ungepita na ngoma ungevutia watu wachache zaidi.

Wala usijaribu ile hila yao nyingine, ya kujifanya unafunga kamba za viatu. Kuinama kwenye ua wa mtu saa kumi na mbili jioni kutamleta mwenyekiti wa Nyumba Kumi kabla hujapata fundo la kwanza. Na ukimwambia kwamba satelaiti ndizo zilizokutuma, utakuwa umesema ukweli usioweza kumwokoa mshukiwa yeyote.

Rudi saa nne asubuhi bila reflekta. Bisha hodi, salimia, sema unachotafuta. Mwenye ua atakucheka mpaka akohoe, kisha atamtuma mtoto akuonyeshe. Kuhusu suruali, kayaba ilipandwa ili watu wasipite na imefanya kazi yake. Wa kulaumiwa ni aliyeficha. Mchezo huu una vipimo vya ugumu kuanzia 1 hadi 5, na miiba ile si ya 2 kama alivyoandika.

Shosho, mume wangu alitoka Jumamosi kwenda kutafuta kopo karibu na soko la Dagoretti. Hapo ni karibu kwa miguu. Alirudi Jumatatu na mbuzi. Anasema simu ilimpeleka Samburu. Nimwamini?
*Mke wa Mchezaji, Kirigu*

Mwamini, mama, ingawa ningependa kukupa jibu lenye utamu zaidi. Mutuini iko karibu na digrii 1 na dakika 18 kusini mwa Ikweta, digrii 36 na dakika 42 mashariki. Anayenakili kwa mkono akisahau kuandika kwamba ni kusini, simu humhesabia kaskazini. Chukua tarakimu hizohizo uziweke upande wa pili wa Ikweta, utaangukia kama kilomita 20 kaskazini mwa Maralal. Kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 290 kutoka mlangoni pako, na barabara ya kwenda huko haijanyooka.

Mchezaji wa London akifanya kosa hilo hujikuta katikati ya Atlantiki ya kusini. Anaona maji kwenye ramani, anapata akili, anarudi kwa chai yake. Sisi wa karibu na Ikweta tumeonewa. Kosa letu lina barabara, lina hoteli ya nyama Rumuruti, na lina mwisho unaofikika kwa gari.

Nisichoweza kumtetea ni kwamba alipita bango la Ikweta kule Nyahururu, pengine akapigwa picha, asijiulize soko la Dagoretti lilihamia lini upande ule. Kuanzia leo, kabla hajashika ufunguo wa gari, mwulize neno moja: "Kusini?" Mbuzi mpokee. Anayekosa kopo hutakiwa kuandika kwenye programu kwamba hakulipata, na wengi huona haya kuandika. Mumeo ndiye wa kwanza ninayemjua aliyekosa kopo akapata mchuzi.

Shosho, nimeficha makopo bondeni na kila mara yanatoweka. Natumia kopo zuri la chuma, na kijitabu nakitia kwenye mfuko wa nailoni kisilowe, kama wanavyoshauri kwenye mtandao. Nani ananifanyia hivi?
*Mwenye Makopo, Ruthimitu*

Umeacha chuma nje, Dagoretti, halafu unatafuta mchawi? Chuma huku kinauzwa kwa kilo. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu nchi nzima kwa sababu ya watu waliokuwa wakibomoa hata milingoti ya stima, na Mei mwaka huohuo marufuku ikaondolewa. Kama mlingoti mzima ulipata mnunuzi, kopo lako la kakao lingeponea wapi? Kopo ninalojua liko salama dhidi ya mikokoteni ya wanunuzi wa chuma ni lile ambalo Richard Garriott alilipeleka kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2008. Huko mkokoteni haufiki.

Ule mfuko nao utakuponza. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya, na sheria inataja faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4. Sijaona kijitabu kinachostahili ulinzi wa bei hiyo.

Tafuta mkebe mdogo wa plastiki ngumu wenye kifuniko cha kuzungusha, uliokuwa wa siagi ya njugu au mafuta ya nywele. Uoshe mpaka harufu iishe, maana siafu na panya hawajasoma kanuni. Usiuzike, mchezo unakataza kuchimba. Uandike kwa nje, kwa herufi kubwa, kwamba ni mchezo, na uweke namba ya simu yako. Shule, kituo cha polisi na hospitali viepuke kabisa. Jiji lililopitia bomu la tarehe 7 Agosti 1998 halina deni la kumchekea mtu anayeacha visanduku visivyo na mwenyewe.

Shosho, mwaka jana nilikutana na msichana kwenye kopo. Kila mmoja alijifanya anapiga simu akingoja mwenzake aondoke, mpaka mvua ikatunyeshea wote wawili. Sasa nataka kumchumbia. Nimepanga kuficha pete kwenye kopo lilelile aikute mwenyewe. Unaonaje?
*Nimezama, Uthiru*

Hongera. Mapenzi mengi huanza kwa uongo mkubwa kuliko wa kusema "haloo" kwenye simu isiyo na mtu.

Lakini hebu nikukumbushe mchezo ulikotoka. Tarehe 2 Mei 2000 Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, ambayo awali yaliweza kukosea kwa takriban mita 100. Siku iliyofuata, Dave Ulmer akaenda kwenye msitu wa Oregon akaficha ndoo yenye vitabu, kombeo na mkebe wa maharagwe, kisha akatangaza mahali ilipo. Masharti yake yalikuwa mepesi: chukua kitu, acha kitu, andika kitabuni. Mpaka leo ndiyo masharti.

Sasa piga hesabu. Kijana kutoka Kikuyu akifika saa moja kabla ya mchumba wako, ana haki ya kuchukua pete ya dhahabu na kuacha kishikio cha ufunguo. Tena atakuandikia "Ahsante kwa kopo" kwa mwandiko mzuri. Ni kweli waungwana huacha kitu cha thamani sawa na walichochukua, lakini ndoa haiwekwi rehani kwa uungwana wa mpita njia. Pete ikae mfukoni mwako. Kwenye kopo tia karatasi ya kumwambia ageuke nyuma, nawe uwe umesimama hapo. Na kwa wazee wake uende mchana ukiwa na watu wako. Ruracio, yaani mahari, haifichwi kichakani.

Shosho, tumegombana. Mimi na rafiki yangu tulikimbilia kopo jipya nyuma ya vibanda vya stendi ya Mutuini. Yeye aliliona, mimi nikalishika. Nani wa kwanza? Hatusalimiani, na yeye ndiye mwenye gari.
*Wa Kwanza, Mutuini*

Kuwa wa kwanza kulipata kopo ni cheo kizito kwa watu wa mchezo huu. Wapo wanaoamshwa na tangazo usiku, wakatoka na tochi na pajama chini ya koti, na tuzo yao ni mstari wa juu kwenye karatasi. Hakuna hata shilingi.

Kanuni ni kwamba asiyeandika hajapata. Aliyeona na aliyeshika wote ni watazamaji mpaka kalamu iguse kijitabu. Kwa hiyo nauliza: nani alikuwa na biro? Nawajua ninyi. Mnabeba simu ya shilingi 30,000, betri ya akiba na tochi ya kichwani, na biro mnaazima kwa mama mboga. Basi kabla sijahukumu, someni barua yake.

Shosho, mimi nauza mboga hapo stendi. Watu wanakuja kibandani, wanatazama simu, wanatazama juu, wanainama nyuma ya magunia yangu ya viazi, halafu wanaenda bila kununua hata dania. Wanaazima biro kwangu na hawarudishi. Hilo kopo nililiona siku lilipowekwa. Aliyeliweka alijiona mjanja sana. Mvua ikizidi naliingiza ndani, asubuhi nalirudisha. Watoto wakilichezea nawafukuza. Naweza kuwatoza?
*Mama wa Viazi, Mutuini*

Mama, kanuni za mchezo zinakataza kumlazimisha mchezaji anunue kitu ili alifikie kopo. Lakini adabu hazikukatazwa. Kwa mamlaka ya safu hii, kila anayeinama nyuma ya magunia yako atainuka na fungu la sukuma.

Nanyi mnaojisifu kwamba kopo lenu limedumu kwa sababu mlilificha kwa ustadi, sikieni. Kwenye stendi ya Mutuini hakuna kitu kilichofichika, kuna vitu vilivyovumiliwa. Kopo ambalo hakuna jirani aliyeambiwa halimalizi mwezi. Likidumu, jua kuna mama mboga, bawabu au fundi wa viatu aliyeliona zamani akaamua kuwalindia upuuzi wenu. Kwa hiyo ukificha, mwambie mmoja. Mwachie na namba ya simu, na siku za mvua umpigie umshukuru.

Hukumu ni hii. Wa Kwanza na rafiki yako, salimianeni: ninyi ni wa pili na wa tatu, na nani awe yupi mtaamua wenyewe ndani ya gari. Mama, litoe hilo kopo, fungua kijitabu, na juu ya majina yote andika lako pamoja na tarehe lilipowekwa. Halafu hao wawili wakununulie biro mpya.