Ogembo Hadi Mombasa kwa Gari Lako: Saba, Sita, Tano… Twende!

Desemba inabisha hodi, na kila boma la Gucha lina baba aliyewaahidi watoto bahari. Vizuri sana. Ila ni takriban kilomita 800, kwa hiyo tuhesabu kwanza, halafu ndiyo uwashe gari.

7. Ndizi. Kila shangazi ana mwana Likoni, na kila mwana anangojea mkungu. Beba mmoja. Ukikubali mitatu, watoto watakaa wapi? Parachichi nazo ziwe ngumu, maana zilizoiva zitafika Voi zimekuwa uji.

6. Fundi. Mpelekee gari wiki moja kabla, si usiku wa kuamkia safari. Akague breki, radieta na tairi la spea. Injini yetu imezoea baridi ya milimani. Siri zake zote itazitoa Tsavo, jua likiwaka. Jeki, spana ya magurudumu na pembetatu za tahadhari zikae mahali mkono unafika.

5. Saa kumi na moja alfajiri. Hiyo ni saa ya gari kutoka, si ya baba kutafuta soksi! Uwe umepita Keroka kabla watu wa soko hawajajaa barabarani. Sotik, Bomet, kisha chai Narok.

4. Mai Mahiu. Unapanda ukuta wa Bonde la Ufa nyuma ya trela linalotambaa. Tambaa nalo. Kwenye kona huoni anayeshuka, na yeye hakuoni. Kando ya barabara kuna kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Waonyeshe watoto, watakuuliza maswali mpaka Limuru.

3. Nairobi. Salimia kwa simu. Shika Southern Bypass kutokea Kikuyu, uibukie Mombasa Road. Ukimpitia kila binamu, bahari utaiona Pasaka.

2. Makindu. Hapa simama hata kama hamna njaa. Hekalu la Masingasinga, lililojengwa mwaka 1926, hulisha msafiri wa dini yoyote bila malipo. Sigara ziache garini, vua viatu, funika kichwa, keti upewe chapati, dengu na chai ya maziwa. Chukua unachoweza kumaliza. Sahani irudi tupu. Ukijaliwa, acha mchango. Hakuna hoteli njia nzima inayonipa furaha kama pale.

1. Usingizi. Tangi linajazwa kwa dakika tano. Dereva hajazwi hivyo. Kuna wanaojisifu kwamba walitoka Ogembo asubuhi wakalala Mombasa. Tafadhali usishindane nao, umebeba watoto. Mbele ya Mtito Andei barabara inapita kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, giza limetanda, malori yamepangana, na ndovu hana taa za nyuma. Lala Makindu, au Mtito Andei ukiwahi sana. Panga bajeti ya chumba kabla ya bajeti ya samaki. Mkiamka na jua, adhuhuri mnaipita Mazeras mkiteremkia pwani.

Na kama mama ana leseni, mpe usukani kuanzia Voi. Wewe chambua karanga.