Kijiko Chenye Kilele

Kijiko cha chai ni kipimo cha ujazo, yaani cha nafasi ambayo kitu hujaza, nacho katika mapishi huhesabiwa kuwa mililita 5; gramu ni kipimo cha uzito, na baina ya hivyo viwili hakuna undugu wa moja kwa moja isipokuwa kwenye maji, ambayo mililita 5 zake huwa na uzito wa gramu 5 hivi. Ni maji hayo yaliyompotosha mwandishi wa insha hii, aliyenunua mizani ndogo ya kielektroniki mjini Thika akiamini kwamba kila kitu cha unga kitafuata adabu ya maji.

Hakikufuata. Kijiko cha chumvi laini kilichosawazishwa kwa kisu hukaribia gramu 6, cha sukari 4, cha hamira kavu 3, na cha unga wa ngano hakifiki hata 3, kwa kuwa kila kimoja kina msongamano wake, yaani uzito uliobanwa katika nafasi ile ile. Mwandishi alitakiwa kutia vijiko 2 vya hamira katika unga wa mkate, akatia gramu 10 badala ya 6, akafunika besini kwa kitambaa na kwenda sokoni. Aliporudi, kinyunya kilikuwa kimekivua kitambaa, kimemwagika mezani na kuanza kuteremka mguu wa meza, kwa mwendo ambao magari ya Thika Road yangeuonea wivu saa kumi na moja jioni. Sehemu ya lawama ni ya mwinuko, maana Thika na Ruiru ziko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni ndogo na gesi ya hamira hutanuka upesi kuliko Mombasa. Sehemu iliyobaki, ambayo ndiyo kubwa, ni ya mwandishi.

Kuna pia suala la kilele. Wanunuzi wa gorogoro, lile kopo la takriban kilo 2 linalopimia mahindi na maharagwe sokoni, hawakubali lijazwe hadi ukingoni tu, bali hungoja nafaka zianze kumwagika. Tabia hiyo ikiingia jikoni, kijiko kilichotarajiwa kuwa tambarare kama shamba la mananasi huinuka kama mlima Kilimambogo, na uzito wake hukaribia maradufu.

Mizani nayo ina hila zake. Nyingi zimeundwa zipuuze mabadiliko madogo ya polepole, zikiyahesabu kuwa vumbi au joto, hivyo chumvi inayonyunyizwa kidogo kidogo hupita bila kusomwa, kama mgeni anayejuana na askari wa getini. Dawa ni kuweka kopo zima la chumvi juu ya mizani, kuchota, kisha kusoma kilichopungua. Mwandishi aliligundua hilo baada ya kunyunyiza chumvi ya mkate ule ule kwa muda mrefu huku kioo kikishikilia 0.

Mkate huo ulipelekwa Ruiru kwa shangazi yake, ambaye hutia chumvi kwa vidole vitatu na hajawahi kukosea. Alitafuna kipande kimoja, akaomba maji, akanywa yote, ndipo akauliza kwa upole: "Mwanangu, hiyo mizani ulipewa risiti?"