Minara Miwili Tunaiona

Unguja hakuna jengo rahisi kuliona kama Kanisa la Mtakatifu Yosefu, na hakuna gumu kulifikia kama hilo hilo. Wenyeji wanaliita Minara Miwili. Ukija na boti kutoka Dar es Salaam, minara yenyewe unaiona pale juu ya mapaa, huhitaji kuulizia. Ukishatia mguu kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, inaingia mitini.

Shangazi yangu wa Morogoro aliiona akiwa bado botini, na papo hapo akakata shauri kwamba mji tutautembea wenyewe. "Nimlipe mtu anionyeshe kitu nimeshakiona?" Bandarini wakamzunguka wale vijana wanaowaganda wageni, ambao mji mzima unawaita papasi. Wakataja bei. Akawapungia mkono: "Mimi mwenyeji hapa, wanangu." Alisema hivyo begi lake bado lina lebo ya boti.

Vitegemeo vyake vilikuwa vitatu: simu yenye ramani, chupa ya maji, na mimi ninayeishi Michenzani. Katika hivyo vitatu, alichokiamini kidogo kabisa ni mimi.

Simu ilianza kutapatapa mapema. Nyumba za pale ni ndefu, za mawe ya matumbawe na chokaa, na zimebanana kiasi kwamba vichochoro vingine vinapitisha watu wawili tu, tena wasiwe na ugomvi. Mawimbi ya setelaiti yanafika chini yamechoka. Kidoti cha buluu kikawa kinaruka paa hadi paa. Mara tuko Kiponda, mara tuko baharini pamoja na ngalawa. "Hebu izungushe, baba," shangazi akaniambia. Nikaizungusha. Tukahamia Malindi.

Mkunazini tulifika kwa kufuata watoto wa shule. Hapo ndipo palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, na juu ya kiwanja hicho Askofu Edward Steere akajenga kanisa la Kianglikana. Shangazi, mtu asiyenyamaza hata akipiga mswaki, alinyamaza kwenye vile vyumba vya chini. Sauti ilimrudia ndani ya kanisa, alipoona nguzo za karibu na mlango zimesimamishwa kichwa chini, miguu juu. Inasimuliwa kwamba mafundi walizisimika askofu akiwa safarini. Nao walijiongoza wenyewe. "Ndiyo maana mimi nikijenga sitoki saiti," akasema shangazi, na wala hakuona kama habari hiyo inatuhusu.

Ramani ilidai kwamba kutoka hapo hadi Minara Miwili ni dakika chache tu. Ramani haijui salamu. Nyumba nyingi zina baraza la mawe mbele, kila baraza lina wazee, na kila mzee anataka habari za nyumbani, za watoto, na za huko Morogoro. Kisha mvua ikashuka, kichochoro kikawa mto, nasi tukapanda juu ya mabaraza kama wafanyavyo wenyeji siku za masika. Wazee nao walikuwa huko huko juu, na huwezi kumruka mtu mzima bila kumwamkia. Shikamoo, samahani, nipishe. Shikamoo, samahani, nipishe.

Mvua ilituachia Sokomuhogo, pale wanapopaita Jaws Corner kwa jina la ile filamu ya papa. Pana kahawa, pana bao, pana dhumna, na pana wanaume wanaojua kila kitu. Nikaulizia Minara Miwili.

"Nyoosha, ukifika kwa fundi cherehani pinda kulia."

"Fundi kashahama yule! Apinde kushoto."

"Kwani hawa wanatoka wapi? Warudi Vuga waanze upya."

Mabishano yakanoga, bao likasimama. Wakati wote huo ncha za minara zilikuwa zinaonekana juu ya paa, nyuma ya kisogo cha msemaji mkuu. Shangazi akaagiza kahawa na kashata.

Tulipopinda kulia, tulitokea Shangani, mbele ya makumbusho ya Freddie Mercury, mwimbaji aliyezaliwa hapa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara.

"Aliimba taarabu?"

"Hapana, shangazi. Roki."

"Basi tuendelee."

Tulipopinda kushoto, simu ikafufuka na kututangazia kwamba tumefika. Mbele yetu palikuwa na mlango mkubwa wa mbao wa kuchonga, una misumari minene ya shaba, na uko wazi. Nikaanza kumweleza kwamba misumari ile inasemekana asili yake ni India, ya kuwazuia tembo wasisukume milango. "Na tembo wa Unguja wako wapi?" akauliza, ameshavuka kizingiti. Ndani hapakuwa na madhabahu. Palikuwa na mkeka, sinia la wali, mchuzi wa pweza, na familia nzima imeganda na matonge mkononi.

"Kwani hapa si kanisani?"

"Si kanisani, mama, lakini karibuni chakula," akajibu mwenye nyumba.

Mtu mwingine angeomba radhi akatoka. Shangazi alivua raba.

Tulipokwisha nawa, bibi wa nyumba akamtuma mjukuu wake, kofia kichwani na juzuu kwapani, atufikishe kabla hajakwenda chuoni. Mtoto alipinda kona moja, akapinda nyingine, na kanisa la mapadri wa Kifaransa likatusimamia mbele zima zima. Lilikuwa limefungwa. Shangazi akampa mtoto noti kubwa kuliko bei ya papasi, akasisitiza kuwa hiyo ni zawadi, si malipo.

Njiani tukirudi, mume na mke kutoka Dodoma walitusimamisha, simu mkononi, wakaulizia kanisa lile lenye minara. Kabla sijafungua mdomo, shangazi alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Nyoosheni tu, wanangu. Mkifika kwa fundi cherehani, pindeni kulia."

"Fundi alihama," nikamnong'oneza.

"Wataulizia," akasema.