Sifa za Klipu ya Plastiki

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wapenda magari wameimba injini mpaka sauti zimewakauka. Mazda MX-5, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989, wameisifu kwa taa zake zinazoibuka usiku na kwa wepesi wake usiofika tani moja. Klipu inayoshika paneli ya mlango haijapata hata beti moja.

Ni kijipande cha nailoni, kimejificha ukingoni mwa paneli pamoja na ndugu zake, kila mmoja tunduni mwake. Siku waya wa kupandishia kioo unapokatika ndipo mnapojuana. Skrubu za kishikio ni waungwana: bisibisi ikiwasalimu, wanatoka. Klipu haina kichwa cha kusalimiwa. Inataka uingize vidole nyuma ya paneli, upapase usichokiona, kisha uvute kwa nguvu ambayo hakuna kitabu kilichoipima. Ikipungua, paneli haisogei. Ikizidi, tap! Shingo imekatika.

Msiite huo udhaifu. Huo ni ushujaa. Paneli ya MX-5 za mwanzo ni hadibodi, na hadibodi iliyokunywa maji hulainika kama andazi kwenye chai. Klipu ingegoma kufa, ingeng'oka na tundu lake zima. Kwa hiyo ile iliyokaushwa na jua la miaka mingi hujitoa mhanga yenyewe, paneli ibaki salama. (Isipokuwa siku inapoamua vinginevyo, na tundu likaenda nayo. Wakubwa wana hiari zao.)

Tena ni mlinzi. Mvua huteremka na kioo hadi ndani ya mlango, ikatokea kwenye vitundu vya chini. Kinachoizuia isifike kwenye paneli na zulia ni karatasi ya nailoni iliyogandishwa kwa gundi nyeusi, ile inayong'ang'ania shati mpaka shati litupwe. Mwenye pupa angeichana mara moja. Klipu humchelewesha, akafika pale amechoka, na aliyechoka hana nguvu ya kuchana kitu.

Hata ikifa haikuachi. Kipande chake hudondoka chini ya mlango, kikakaa humo kikipiga njuga kila kona, burudani ya redio ambayo hukuilipia.

Kuhusu aliyeibuni, tumsifu kwa sauti ya chini. Kiwandani Hiroshima fundi aliibandika kwa kiganja, bila spana, kwa kufumba na kufumbua. Kuibandua amekuachia wewe, miaka thelathini na kitu baadaye, kwa kisu cha jikoni.

Kirudishe kisu hicho, msomaji, kabla hakijakwangua rangi. Tafuta kifaa cha plastiki cha kubandulia, vuta karibu kabisa na klipu yenyewe, na usianze bila klipu mpya mkononi. Mara nyingi huuzwa kwa pakiti, wala si mojamoja. Wauzaji wanajua kwa nini.